Pudini ya Shangazi

Shangazi alikunywa chai amesimama. Nyumba yake ilikuwa na viti vizuri vya mninga, vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, lakini vile vilikuwa vya wageni. Yeye alisimama mlangoni, kikombe mkono mmoja na ufagio mkono wa pili, na kabla hujamaliza kueleza kilichokuleta alikuwa ameshafika kwenye banda la kuku, anakujibu kutoka huko kwa sauti. Nilipakana naye ukuta kwa ukuta pale Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, tangu binti yangu Neema ananyonya mpaka Neema anakwenda chuo, na sikumbuki mazungumzo yetu yaliyoanza na kwisha mahali pamoja. Alinichosha sana. Naanza na hilo makusudi, maana tangu ahame watu wanamsifu mpaka hatambuliki, na nikiwasikia natamani nifunge cherehani yangu niondoke zangu.

Hakuwa shangazi wa yeyote pale mtaani. Mpwa wake mmoja, binti wa kaka yake, alikuja kumtembelea kutoka Mhunze, huko Shinyanga, akiwa bado mwanafunzi, akawa anamwita "Shangazi! Shangazi!" kutoka barabarani, na mtaa mzima tukalidaka. Wachimbaji walimwita hivyo, wauza mitumba walimwita hivyo, hata mchungaji aliyemzidi umri. Aliwaitikia wote kwa namna ileile: "Ehe, sema upesi."

Kilichomtangaza ni pudini. Kwetu huku nyumba zenye jiko la kuoka ni za kutafuta, na keki zinazoletwa kutoka Geita mjini hufika zimelala upande mmoja kwa sababu ya mashimo ya barabara. Kwa hiyo kitu kitamu cha sherehe, kisichookwa, kilichopangwa matabaka ndani ya bakuli la kioo ukayaona yote kwa nje, kilikuwa ajabu. Kila mwaka, mahindi yakishapukuchuliwa na maboga yakijazana mpaka watu wanawapa nguruwe, kanisa letu hufanya sikukuu ya mavuno. Watu huleta debe la mpunga, jogoo, mkungu wa ndizi, vinapigwa mnada pale mbele kwa kelele na vichekesho, kisha tunatoka kwenda kula chini ya turubai. Huja hata wasiosali kwetu. Wachimbaji Waislamu wa Kigoma na Tabora husubiri ibada iishe, wanaingia, wanasalimia vizuri, wanaketi. Nyama ililiwa na wali uliliwa, lakini macho yalikuwa kwenye meza ya pembeni, palipokuwa na bakuli lililofunikwa kwa kipande cha chandarua.

Nilimwona akiipanga miaka mingi, kwa hiyo najua. Chini ni biskuti za chai, zimetwangwa kwenye kinu kidogo cha viungo, zikachanganywa na siagi iliyoyeyushwa, zikagandamizwa kwa kitako cha kikombe. Juu yake boga. Boga alilichemsha na mdalasini, akamwaga maji yote, akaliponda na tangawizi na maziwa mazito ya kopo mpaka likawa linateleza. Tabaka la tatu ni mtindi, lakini si wa kunywa: aliufunga ndani ya kitambaa cheupe cha marekani, akauning'iniza kwenye msumari juu ya beseni tangu jana yake, maji yote yakachuruzika, ukabaki mzito wa kupakwa kwa kisu. Kisha anarudia biskuti, boga na mtindi, na mwisho kabisa karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Mwaka mmoja biskuti ziliadimika madukani, akatwanga michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na wazee wakasema hiyo ndiyo ilikuwa bora kuliko zote. Hakufurahi hata kidogo. "Mmesifu viazi vyenu," aliwaambia, "hamkusifu pudini yangu."

Kichekesho ni kwamba kazi kubwa ya pudini ile ni kungoja. Ikishapangwa inatakiwa iachwe kwenye baridi ishikane, na mwenyewe ndiye aliyekuwa hawezi kuacha kitu. Aliifunua, akaigusa ukingoni kwa kidole, akaifunika, akaenda kufua, akarudi akaifunua tena. "Mama Neema, umeme upo kwako?" aliniuliza juu ya ukuta. Mara nyingi haukuwepo kwangu wala kwake. Hapo alitoka mbio kwenda kwa muuza samaki anayeleta sato kutoka Chato, akarudi na barafu kwenye ndoo, akalikalisha bakuli juu yake limevikwa nailoni. Mimi nililalamika kwamba tutakula pudini ya sato. Alinijibu kwamba sato ana adabu kuliko mimi, anajua kunyamaza.

Alijifunzia wapi? Kila mtu ana jibu lake, na majibu yote aliyatoa yeye. Mimi aliniambia alifundishwa na masista aliowafulia nguo. Mchungaji aliambiwa ni mke wa dereva mmoja wa Tanga. Vijana wa kwenye karasha, ile mitambo ya kusaga mawe, waliambiwa aliiota. Nilipombana achague moja alikasirika kweli. "Unakula chakula au unakula historia?" aliniuliza. Niliudhika kutwa nzima, maana mimi ni mtu wa kutaka kujua, na yeye kila ukifika mlangoni anaufunga.

Yeye mwenyewe hakupenda vitamu. Chai yake haikuwa na sukari, na ukimpa soda aliishika tu mpaka apate wa kumpa. Pudini aliionja kwa ncha ya kijiko, akakunja uso, akasema, "Imefika." Raha yake ilikuwa kupakua. Hakumwachia mtu kijiko kile. Alikizamisha mpaka chini ili kila sahani ipate matabaka yote, na mtu akinyoosha mkono kukwangua karanga za juu alipigwa kofi la vidole, awe mzee wa kanisa, awe nani. Alikuwa mkali kwa watu aliowapenda na mpole sana kwa watu asiowajali, kwa hiyo ukimwona Shangazi anakuchekea na kukuita mpenzi, ujue hujamgusa popote. Wachimbaji waliokuja kumwomba chakula cha kukopa aliwatukana mpaka barabarani, kisha akawaita warudi kwa sababu wamesahau sahani yao. Wali ulikuwa umeshapakuliwa muda wote ule wa matusi.

Riziki yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Aliwachomea watu dhahabu. Kwa asiyejua: kwenye mialo wachimbaji huosha mchanga uliosagwa, kisha hutia zebaki ndani ya karai, zebaki inaishika dhahabu, wanaikamua ndani ya kitambaa kama mtu anavyokamua tui, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho kinawekwa motoni, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Wengi waliogopa kuibiwa pale kwenye moto, wakamletea Shangazi, kwa sababu hakuwahi kudokoa hata chembe. Alikamua kwa mikono mitupu na kuchoma kwenye jiko la mkaa, huku akinipigia hadithi juu ya ukuta. Moshi ukija kwangu nilifunga dirisha. "Funga tu," alinitania, "wenzako wanaulilia moshi huu." Miaka ilikwenda hivyo. Dhahabu ilikuwa inatoka, watu walikuwa wanakuja, na hakuna aliyesimama kumwambia aache.

Mkono ulianza taratibu. Kikombe kililia kwenye kisahani chake. Funguo zilikosa tundu la kufuli. Kwa kuwa hakutulia tangu zamani, haikuonekana haraka, maana mtu anayekwenda mbio na ndoo utajuaje kama anatetemeka? Mimi niligundua siku aliyoleta gauni nimshonee kifungo. Akasema ngoja nikutungie uzi, akalamba uzi, akalenga tundu la sindano, akakosa, akalenga tena, akakosa, kisha akanirushia vyote mezani. "Sindano zako mbovu," alisema. Nilicheka, nikamtazama, nikaona yeye hacheki.

Halafu likaja la kitambaa. Alikuwa na vitambaa viwili vya marekani, vyote vya kutoka kwenye jora langu: kimoja cha kuchujia mtindi, kimoja cha kukamulia dhahabu. Alivifua mbalimbali, lakini kamba ya kuanikia ilikuwa moja. Siku moja kabla ya mavuno, katika pilikapilika zake, alivuta kitambaa kambani bila kukitazama, akaufunga mtindi, asubuhi akaupaka kwenye pudini. Nilikuwa uani kwangu napepea pasi ya mkaa nikasikia kimya upande wa pili. Kimya kwa Shangazi kilikuwa jambo la kutisha, nikachungulia. Alikuwa ameliinamisha lile beseni la maji ya mtindi kuelekea kwenye jua, na chini yake kitu kidogo kinang'aa, kinakimbia, kinagawanyika, kinaungana tena.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Njoo uone nilivyotaka kuua kanisa."

Ilikuwa zebaki. Alilibeba bakuli zima, limeshapambwa kwa karanga, linapendeza kuliko miaka yote, akaenda nalo chooni akalimwaga shimoni, na bakuli lenyewe la kioo likafuata. Mtindi uliobaki, kitambaa na beseni vikaenda humohumo. Kisha akaoga, akavaa, akaja kwenye sikukuu mikono mitupu. Watu walipomuuliza alijibu, "Mwaka huu sikujisikia." Mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mwenye duka la vitenge na mdomo wa kutosha, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba sifa zimempanda kichwani. Nilifungua kinywa, Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza. Kesho yake aliwaambia vijana watafute mchomaji mwingine, na zebaki hakuishika tena. Akaanza kuuza mkaa, biashara aliyoichukia kwa sababu inamtaka mtu akae amngoje mteja.

Lakini alikuwa ameacha kwa kuchelewa. Mwaka uliofuata pudini ilirudi, ndani ya bakuli jipya, na mikono ilikuwa imezidi. Mtindi uliingia ndani ya boga, boga likapanda ukutani mwa kioo, matabaka hayakukaa sawasawa. Na mtu anayetetemeka mikono asubuhi, kwetu, ana jina moja tu. Siku chache kabla ya sikukuu mwenyekiti alikusanya kina mama kwenda kumwona, na mimi nikajipachika kwenye msafara kwa sababu nilijua kuna balaa.

"Mwadila, Shangazi," mwenyekiti alisalimia Kisukuma, kwa sauti ya msibani.

"Mwadila. Semeni upesi."

"Tumekuja kwa upendo. Tunasikia siku hizi unaonja."

"Naonja nini?"

"Shangazi, mikono haifichi. Gongo imewamaliza wengi, si wewe wa kwanza."

Nilingoja alipuke. Huyu ni mtu aliyewahi kumtimua mgambo kwa ufagio mpaka kofia ikadondoka. Aliitazama mikono yake, akaitazama miguu ya wageni, kisha akasema, "Basi niombeeni." Akapiga magoti pale uani kwake, wakamwekea mikono kichwani, wakakemea pombe kwa nguvu zote, mmoja akalia machozi ya kweli. Waliondoka wamefurahi. Jumapili ile ya mavuno walikula pudini mpaka wakakwangua bakuli, na mwenyekiti aliongeza.

Mimi siku ile ya maombi nilimfuata jikoni. "Wewe hujawahi hata kunusa gongo! Kwa nini hukuwaambia ni zebaki?"

"Mlevi wanamwombea, halafu wanakula chakula chake," alisema, anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Nikisema nina sumu mwilini, nani atagusa kijiko changu? Nitajie mmoja, Mama Neema. Taja jina."

Nilipanga kusema mwenyekiti hana moyo mbaya, nikaona haitafika. Hapo ndipo nilipomwelewa Shangazi, baada ya miaka yote ile ya kuitana juu ya ukuta. Machimboni mtu anakuja leo, dhahabu ikisikika kwingine anaondoka kesho, na hakuna anayemuuliza mwenzake atabaki mpaka lini. Hakuwa na mume pale, hakuwa na mtoto. Alikuwa na bakuli moja kwa mwaka, na watu waliopanga foleni mbele yake wakinyoosha sahani. Hicho ndicho kilichomfanya awe mtu wa Nyarugusu, naye alikuwa tayari kuitwa mlevi ili kisimtoke. Niliumia sana, na pia nilimkasirikia, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Hospitali nilimpeleka mwaka uliofuata, kwa uongo. Nilimwambia ni mimi ninayeumwa tumbo, anisindikize. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia zebaki imegusa mishipa ya fahamu, kwamba alifanya vema kuacha, kwamba mtetemeko huenda ukapungua na huenda usiondoke. Nikamuuliza waziwazi kama kula alichopika kunaweza kumdhuru mtu. Akasema hapana, ugonjwa huu hauambukizi, alimradi zebaki yenyewe haipo tena jikoni. Nilitamani kumkumbatia. Bahati mbaya chumba kile kilikuwa na pazia mahali pa mlango, na nje ya pazia alikuwa ameketi mwanakwaya wetu mmoja anangoja zamu yake. Alilisikia neno zebaki akalisikia neno sumu. Mengine hakuyasubiri, na sisi tulipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia.

Mwaka ule bakuli lilirudi zima. Alikuwa ameniruhusu nimsaidie kupaka, kwa hiyo matabaka yalinyooka vizuri, na yeye alisimama nyuma ya meza na kijiko chake, amevaa kitenge kipya nilichomshonea mimi. Nyama ililiwa. Wali uliliwa. Watu wakaja mezani, wakamsalimia kwa heshima zote, shikamoo Shangazi, marahaba, kisha kila mmoja akawa na lake.

"Leo nimeshiba mno, Shangazi."

"Jino linanisumbua."

"Mimi sukari imepanda, wamenikataza."

Mwenyekiti alisema atachukua baadaye, akaenda kukaa mbali. Hata wachimbaji, watu wanaoshika zebaki kila wiki kwa vidole vyao na kula kwa vidole hivyohivyo, walitazama pembeni. Mimi nilikula sahani mbili kwa hasira, nimesimama, nikiwatazama watu usoni mmoja mmoja ili waone namna ninavyomeza. Shangazi akanigusa kiwiko.

"Acha," alisema. "Wewe ni jirani. Wewe huhesabiki."

Alifunika bakuli, akalibeba mwenyewe katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka vichekesho vya mnada, na kioo kilikuwa kinagongana na bangili zake njia nzima. Nilitaka kumpokea akakataa. Kabla mvua za kupandia hazijanyesha alikuwa ameuza kuku, ameacha viti vya mninga kwa mchungaji, amekwenda Mhunze kwa yule mpwa wake, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliniaga kutoka kwenye gari, injini inanguruma, na alichoniambia ni kwamba nimwagilie mchicha. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya cherehani bila kushona kitu.

Mwaka huu nilimfuata. Nilipita Kahama na Shinyanga mjini, boga langu na kopo la mtindi niliokwisha kuuchuja vikiwa miguuni ndani ya kiroba, bakuli la kioo mapajani limezungushiwa khanga. Mhunze ilikuwa kavu, pamba zimerundikwa vibarazani. Nilimkuta Shangazi anafagia uwanja ambao haukuwa na jani. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, na mkono ulioshika ufagio ulikuwa unafanya kazi zaidi ya kufagia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umebeba boga kutoka Nyarugusu? Walikwambia huku tunakula mawe?"

Mpwa wake alinipokea vizuri sana. Ni binti mwenye adabu, nyumba yake safi, gauni lake jeupe limenyooshwa vizuri. Lakini macho yangu hayajifunzi kutulia, na kwenye kabati la vyombo niliona sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja vimewekwa peke yavyo juu kabisa, kikombe kimefungwa uzi wa kijani kwenye kishikio chake ili kisichanganyike. Sikuhitaji kuuliza ni vya nani. Mpwa aliona nimeona, akanivuta pembeni.

"Si ubaya, mama," alininong'oneza. "Nampenda. Ila nimesoma kwenye simu mambo ya zebaki, nikaogopa. Sijamwachia apike tangu aje."

"Daktari mwenyewe alisema haimdhuru mtu," nikamwambia. "Nilikuwepo. Nilimuuliza kwa kinywa changu."

"Na daktari alikula?" Shangazi aliuliza kutoka uani. Masikio yake hayakuzeeka. "Wote mnaniambia daktari kasema, daktari kasema. Alikula?"

Mimi nikaingia jikoni kama kwangu nikawasha moto. Tuliipanga pudini wawili, mimi napaka, yeye ananikosoa, biskuti nimesaga vumbi mno, boga nimelipa tangawizi ya kumkohoza mtu. Kuna wakati alininyang'anya kisu akapaka mwenyewe tabaka moja la mtindi. Lilitoka na mawimbi, na hakuniruhusu kulisawazisha. Mpwa alikaa kwenye meza ya sebuleni anasahihisha madaftari ya wanafunzi, akigeuza kurasa kuliko alivyokuwa anasoma. Bakuli likaingia kwenye friji yake, na Shangazi akalifungua friji mara kwa mara mpaka mpwa akasema umeme utakwisha.

Jioni mapema, jua bado lipo, tukalitoa. Shangazi alishika kijiko, akanipakulia sahani yangu, nikala, nikasema imefika. Hata hakunitazama. Nilijua kwa nini, nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mimi sihesabiki. Alisimama na kile kijiko kikidondosha boga mezani, anatazama mgongo wa mpwa wake uliokuwa umeinamia madaftari, na hakumwita. Alingoja kidogo, kwa mtu kama yule ilikuwa ni kungoja sana, kisha akachukua kifuniko akaanza kulifunika bakuli.

Kalamu ikawekwa chini. "Shangazi, mimi je?"

"Wewe una kazi."

"Nipakulie."

"Jipakulie mwenyewe. Kijiko hiki hapa."

Mpwa hakukichukua kijiko. Alisimama, akafungua kabati, akatoa sahani, moja ya zile za watu wote, akaja nayo ameishika kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake. Akabaki hivyo. Shangazi alikizamisha kijiko. Mkono wake sijawahi kuuona ukitetemeka namna ile, hata siku ya sindano, hata siku bakuli liliporudi zima, na nilijizuia nisimshike kwa sababu sikutumwa. Nusu ya pudini ilifika kwenye sahani. Nusu ikaanguka kifuani kwa mpwa, ikateremka kwenye gauni jeupe, njano na nyeupe, karanga zikashuka mpaka sakafuni.

"Usiguse!" Shangazi alipiga kelele, akitafuta kitambaa mezani, akiangusha kifuniko, akiangusha kijiko. "Usiguse, usiguse, ngoja nikufute!"

Mpwa alikuwa ameshaikusanya kwa kidole kutoka kwenye gauni. Akakitia kidole kinywani, akakilamba mpaka kikawa kisafi, akarudi tena kwenye doa akalamba kilichobaki. Kisha akanyoosha sahani ileile. "Ongeza," alisema.

Shangazi alishika ukingo wa meza. Hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi, kama vile mimi ndiye niliyekuwa karibu na yeye ndiye aliyekuwa mbali.

"Kala?" aliniuliza.

"Kala," nikamwambia.